KIWANDA KIKIFUNGWA, ARDHI HUBAKI KWA NANI?



Chama cha wafanyi kazi kimezoea kupigania mambo matatu: mshahara, saa za kazi, na kwamba mtu asifukuzwe bure. Hayo ni haki yetu wala hatutayaacha. Lakini liko jambo la nne ambalo twalisahau mpaka siku ile lango limekwisha kutiwa kufuli na bawabu ameketi nje na mbwa wake. Jambo lenyewe ni hili: kiwanda kikifa, mahali pale panakuwa pa nani? Nani ataondoa sumu iliyozama ardhini? Nani atakayeamua kama bohari na mabomba yavunjwe au yasimame? Na watoto wa wale waliomwaga jasho pale miaka thelathini, watapata nini juu ya ardhi ile ile?

Wanachama wengi wameona jinsi mambo yaendavyo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, hakikufungwa peke yake. Maduka, nyumba za kupanga, mikahawa, soko, vyote viliona taabu pamoja nacho. Baadaye kiliuzwa kwa tajiri mwingine, lakini miaka iliyopotea haikurudi. Katika siku kama zile watu huulizana juu ya malipo yao, na ni sawa waulizane. Juu ya ardhi hapana aulizaye.

Kwa hiyo leo tunataka kuwaeleza habari za mahali ambapo hakikufungwa kiwanda kimoja, bali nchi nzima ya viwanda. Mahali hapo ni bonde la Ruhr, upande wa magharibi wa Ujerumani. Hatusemi habari hizi ili kuwasifu Wajerumani. Huko nako wafanyi kazi waliahidiwa mengi na kupata machache. Twazisema kwa sababu wenzetu wa kule walishika jambo hili la nne, na yafaa tujue walichopata na walichokosa.

Bonde la Ruhr ni miji iliyoshikana: Duisburg, Oberhausen, Bottrop, Gelsenkirchen, Essen, Bochum, Dortmund. Mgeni apitaye kwa gari la moshi hajui mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Chini ya miji hiyo yalikuwapo makaa ya mawe, na juu yake yakajengwa matanuru ya chuma. Mwaka 1957 migodi ya makaa ya Ujerumani Magharibi ilikuwa na wafanyi kazi zaidi ya 600,000, na wengi wao walikuwa katika bonde hili. Walikuja Wapolandi, na baada ya mapatano ya mwaka 1961 wakaja Waturuki. Wote walishuka katika shimo moja na wote walitoka na nyuso nyeusi.

Mwaka 1958 mambo yakaanza kugeuka. Mafuta yalikuwa rahisi, na makaa kutoka ng'ambo yalikuwa rahisi, basi makaa ya Ruhr yakarundikwa milima kwa milima bila mnunuzi. Mgodi mmoja ukafungwa, kisha wa pili, kisha kumi. Chuma nacho kikafuata baadaye. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel katika mji wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Siku hiyo wachimbaji walipanda juu na donge la mwisho la makaa, wakamkabidhi Rais wa nchi, Frank-Walter Steinmeier, mkononi mwake.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1958 mpaka 2018 ni miaka 60. Kwa nini mauti yale yalichukua miaka 60? Sababu kubwa ni chama. Tangu sheria ya mwaka 1951, katika kampuni kubwa za makaa na chuma wafanyi kazi walikuwa na nusu ya viti katika baraza linalowasimamia wakurugenzi. Tajiri hakuweza kukata shauri usiku na kulibandika ukutani asubuhi. Mwaka 1968 migodi mingi ilikusanywa chini ya kampuni moja, nacho chama cha wachimbaji kilikuwa mmoja wa waliosukuma jambo hilo. Tangu hapo shimo likifungwa, kijana alihamishiwa shimo lingine, na mzee alipumzishwa mapema kwa malipo. Serikali ilitoa fedha nyingi sana, na wako waliosema kwamba fedha hizo zingefanya kazi bora mahali pengine. Huenda. Lakini nyumba ya mchimbaji haikulala njaa wakati wakubwa wakibishana.

Wenzao wa chuma hawakuwa na bahati hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1987 kampuni ya Krupp ilitangaza kufunga kiwanda cha Rheinhausen. Wafanyi kazi walifunga daraja la mto Rhine, wakasimama pamoja na wake zao, makasisi, waalimu na wenye maduka, miezi mitano. Mwisho walishindwa, na kiwanda kikafungwa mwaka 1993. Daraja lile lingali linaitwa Daraja la Mshikamano mpaka leo.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Katikati ya bonde hupita mto uitwao Emscher. Kwa miaka zaidi ya mia mto huo haukuwa mto, ulikuwa choo. Yafaa tueleze sababu, maana haikuwa uvivu peke yake. Migodi ilipochimbwa chini, ardhi ya juu ilididimia, mahali pengine mita 20 na zaidi. Bomba la maji machafu likizikwa katika ardhi inayoshuka hupasuka. Kwa hiyo mwaka 1899 miji, migodi na viwanda viliunda shirika moja, na shirika hilo likaunyosha mto, likautia simiti pande zote, na kuyaacha maji machafu ya watu wote yapite juu wazi. Pembeni paliwekwa ua wa waya ili watoto wasitumbukie. Wale waliokaa karibu ni wale wale siku zote, watu wa migodi na wa matanuru, maana mwenye fedha hujenga mahali upepo unapotoka na si mahali unapokwenda. Mwanachama yeyote akaaye kando ya mto wa Nairobi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Migodi ilipohama au kufungwa, ardhi ya pale ilitulia. Basi kuanzia mwaka 1992 shirika lile lile la 1899 lilianza kazi ya kuzika maji machafu. Walichimba njia ya chini kwa chini yenye urefu wa kilomita 51, kutoka Dortmund mpaka Dinslaken, mahali pengine kina chake chafika mita 40. Walijenga na mabomba mengine mamia ya kilomita. Kazi ilichukua miaka 30 na kugharimu zaidi ya euro bilioni 5. Mwisho wa mwaka 2021 maji machafu yaliacha kuingia katika Emscher. Simiti inavunjwa kidogo kidogo, kingo zinarudishiwa udongo na majani, na samaki wamerudi. Angalieni neno hili: fedha zile hazikuwa sadaka. Miji na viwanda ni wanachama wa shirika, na kila mmoja hulipa ada kwa kadiri ya uchafu wake.

Mto ulikuwa sehemu moja tu ya shauri kubwa zaidi. Mwaka 1989 serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ilianzisha kazi ya miaka kumi, ikapewa jina la Maonyesho ya Kimataifa ya Ujenzi, Emscher Park. Jina ni refu, na la maonyesho, lakini yalikuwa maonyesho ya namna nyingine: hapakuwa na vibanda wala tikiti, bali miji 17 yenye watu karibu milioni mbili na uchafu wao wote. Msimamizi wake alikuwa Karl Ganser, mtu mwenye elimu ya jiografia. Ofisi yake ilikuwa ndogo, haikuwa na amri juu ya halmashauri za miji, wala haikuwa na sanduku kubwa la fedha. Kazi yake ilikuwa kuchagua mashauri mazuri na kuyatafutia fedha kutoka serikali ya jimbo, serikali kuu na Ulaya. Katika miaka kumi kazi karibu 120 zilifanywa.

Wazo lililoyafunga mambo hayo pamoja ni rahisi, na ndilo linalotufaa. Bustani moja moja haitoshi. Mji ukijenga bustani nzuri penye nyumba za wakubwa, na mwingine ukaipanda miti kumi mbele ya ofisi ya meya, mtoto wa mfanyi kazi hapati kitu. Walisema: ziunganishwe. Tangu mwaka 1920 miji ya Ruhr ilikuwa na jumuiya ya kupanga ardhi, nayo ilihifadhi mistari ya mashamba na misitu kutoka kaskazini kwenda kusini ili miji isimezane kabisa. Mistari ilikuwa saba. Sasa ikaunganishwa kwa mstari mmoja mkubwa kutoka mashariki kwenda magharibi, ukifuata Emscher na kupita katika ardhi iliyoachwa na viwanda.

Waliunganisha kwa kitu gani? Kwa reli za makaa. Migodi na viwanda vilikuwa na reli zao wenyewe, zilizopita nyuma ya nyumba za watu, chini ya madaraja, kutoka shimo mpaka tanuru na kutoka tanuru mpaka bandari. Mabehewa yalipokoma kupita, njia zilibaki, tambarare, bila magari, na zilikuwa zimekwisha kufika kila mahali. Waling'oa vyuma, wakashindilia changarawe, na leo watu hupita kwa baiskeli na kwa miguu kutoka mji hata mji. Njia iliyokuwa ya kampuni, iliyobandikwa ubao wa kumkataza mtu kupita, imekuwa ya kila mtu. Vilima vya mawe na takataka ya migodi navyo vilipandwa miti, watu wakapanda juu kutazama nchi. Katika Bottrop juu ya kilima kimoja pamesimamishwa jengo la vyuma, mwaka 1995, na mtu akisimama juu yake huona bonde lote alilolichimba baba yake.

Na ardhi hiyo yote ilipatikanaje? Hapa wenye bidii ya siasa wasikilize vizuri. Kampuni hazikuipenda ardhi yenye sumu, lakini hazikutaka kuitoa pia, kwa maana kuonyesha bei yake katika vitabu kulikuwa na faida. Serikali ya jimbo, kuanzia karibu mwaka 1980, iliweka mfuko maalum wa kununua ardhi ya viwanda vilivyokufa, kuisafisha, na kuitoa kwa kazi mpya. Bila mfuko huo hapangekuwa na bustani hata moja. Kwa hiyo yeye aliyechafua mara nyingi aliuza uchafu wake kwa mlipa kodi. Jambo hili halisemwi sana katika vitabu vyenye picha nzuri.

Katika kazi zote 120, ile ya Duisburg kaskazini ndiyo inayotupendeza zaidi. Pale Meiderich palikuwa na kiwanda cha chuma cha Thyssen kilichoanzishwa mwaka 1901 na kufungwa mwaka 1985. Kawaida ya siku zile ilikuwa kuleta mashini, kuvunja, kuuza vyuma chakavu na kusawazisha. Wenyeji walikataa. Palipotafutwa fundi wa kupanga bustani, alichaguliwa Peter Latz, naye alisema maneno ambayo mtu wa kiwanda huyaelewa mara moja: hii mitambo ilijengwa kwa akili na kwa nguvu nyingi, kwa nini tuifiche? Akaiacha isimame. Tanki la gesi lilijazwa maji, na leo wapiga mbizi hufundishwa humo. Kuta nene za simiti za bohari za mawe ya chuma zimekuwa mahali pa kujifunza kupanda milima, katika nchi isiyo na mlima karibu. Ngazi za tanuru namba 5 zinapandwa na wazee na watoto mpaka juu kabisa. Udongo wenye sumu kali ulifungiwa ndani ya bohari za simiti na kufunikwa, na penye sumu kidogo miti iliyojiotea yenyewe iliachwa. Maji ya mvua hukusanywa na kupitishwa katika mfereji uliokuwa wa uchafu.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1994. Mtu haulizwi tikiti, wala lango halifungwi usiku. Sisi tunaona kwamba hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko taa za rangi zinazowashwa pale jioni. Mtu aliyepita lango lile miaka 30 akipigiwa king'ora na kukaguliwa mfuko, sasa hupita saa apendayo, na mjukuu mkononi.

Essen wanao mgodi wa Zollverein, uliofungwa tarehe 23 Desemba 1986, usiku mmoja kabla ya mkesha wa Krismasi kufika, kama kwamba hapakuwa na tarehe nyingine. Mwaka 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya mahali pa thamani ya dunia nzima, na sasa pana makumbusho ndani ya jengo lililokuwa la kusafishia makaa. Oberhausen wanalo tanki la gesi lenye urefu wa mita 117, nalo sasa ni ukumbi. Hayo ni mazuri, hatutayakawilia.

Tukawilie hapa. Nani alianza kusema kwamba vitu hivi vitunzwe? Si UNESCO. Oberhausen kuna mtaa wa nyumba za wafanyi kazi uitwao Eisenheim, ulioanza kujengwa mwaka 1846, wa zamani kuliko mitaa yote ya namna hiyo katika Ruhr. Miaka ya 1970 ulitakiwa uvunjwe na kujengwa maghorofa. Wakaaji wake, wachimbaji na watu wa chuma na wajane wao, walikataa. Walifanya mikutano, wakasaidiwa na mwalimu aitwaye Roland Günter na wanafunzi wake, wakaufanya mfano kwa mitaa mingine mingi. Nyumba zingali zimesimama, na watu wamo ndani. Mapema kidogo, mwaka 1969, huko Dortmund, ukumbi wa mashini wa mgodi wa Zollern ulikuwa karibu kuvunjwa ukaokolewa, na huo ndio uliofungua njia kwa majengo ya viwanda katika Ujerumani kutazamwa kama yanavyotazamwa makanisa na majumba ya wafalme. Kama wakaaji wa Eisenheim wangalihama kwa adabu walipoambiwa, Karl Ganser angalikuta uwanja mtupu.

Sasa tuseme upande wa pili, maana gazeti la chama halipaswi kuwa kama karatasi ya kuita watalii.

Kwanza, kazi. Bustani huajiri watu wachache. Bochum walijenga kiwanda cha magari cha Opel mahali pa mgodi uliokufa, kikaanza mwaka 1962, watu wakashukuru. Na mwisho wa mwaka 2014 nacho kikaacha kutengeneza magari. Nokia walikuja mji huo huo kutengeneza simu, wakafunga mwaka 2008 na kwenda Romania kwenye mshahara mdogo zaidi. Gelsenkirchen, iliyokuwa mji wa mashimo, ni miongoni mwa miji ya Ujerumani yenye watu wengi zaidi wasio na kazi. Baiskeli hupita vizuri pembeni ya nyumba zao.

Pili, Hörde. Hörde ni sehemu ya Dortmund, na tangu mwaka 1841 watu wake waliishi kwa chuma. Kiwanda cha Phoenix kilipofungwa mwaka 2001, walikuja mafundi kutoka China, wengi mno, wakakifungua nati kwa nati, wakakipakia na kwenda kukisimamisha kwao. Wazee wa Hörde walisimama pembeni wakitazama. Shimo lililobaki lilitiwa maji likawa ziwa la hekta 24, lililofunguliwa mwaka 2011. Ziwa ni zuri, na yeyote aweza kulizunguka. Lakini nyumba zilizojengwa ukingoni mwake si za watu wa tanuru. Ni za daktari, na wakili, na mwenye kampuni. Mtu wa Hörde wa zamani hukaa upande wa pili, naye huambiwa kwamba mtaa umependeza, na ni kweli umependeza, na kodi ya nyumba hupenda kufuata uzuri.

Tatu, kumbukumbu. Tanuru lililowashwa taa za rangi halikohoi. Tarehe 20 Februari 1946 mgodi wa Grimberg, karibu na Bergkamen, ulilipuka na kuua watu 405. Maelfu zaidi walikufa polepole vitandani kwa vumbi la mawe mapafuni. Wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945 watu waliotekwa kutoka nchi nyingine walilazimishwa kufanya kazi katika migodi na viwanda hivyo. Makumbusho mengine huyasema haya waziwazi. Lakini mahali popote ambapo historia ya kiwanda inaandikwa na watu wa matangazo, mashini itakuwa kubwa na mtu atakuwa mdogo. Chama ndicho chenye majina.

Na la nne ni pampu. Ardhi iliyodidimia haitainuka tena. Pampu zikizimwa, sehemu kubwa ya bonde itajaa maji, pamoja na nyumba zilizo juu yake. Zitazunguka milele. Mwaka 2007 uliundwa mfuko wa kulipia kazi hiyo, na tangu migodi ilipokwisha ndio unaolipa mamilioni ya euro kila mwaka. Faida ya makaa ilikwisha kuliwa zamani. Hesabu ya makaa haina mwisho.

Asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Wenzetu wa Mombasa wanaijua Bamburi. Kiwanda cha simiti kilichoanza miaka ya 1950 kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha uwanja mweupe, mkavu, wenye chumvi, usiootesha hata magugu. Mwaka 1971 René Haller, mtu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda, alianza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ulisimama. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, basi wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi cha majongoo kikawa udongo. Leo ni msitu, wenye viboko na kobe, na jina lake ni Haller Park. Ni kazi ya kusifiwa sana. Ila mtu wa Kisauni akitaka kuingia hulipa langoni, maana ardhi ni ya kampuni, na aliyeamua ni kampuni. Iliamua vizuri. Ingaliamua vibaya, nani angaliizuia?

Jibu la swali hilo liko Mombasa hiyo hiyo, katika kijiji cha Owino Uhuru, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika udongo na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaaji shilingi bilioni 1.3, na kuamuru udongo usafishwe. Kesi ikapanda kutoka mahakama moja mpaka nyingine kwa miaka. Aliyeanza kelele ni Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyi kazi wa kiwanda chenyewe, ambaye mtoto wake aliugua. Alianza peke yake. Hapo sisi watu wa vyama yatupasa tuone haya kidogo.

Sheria yetu yasema nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka tajiri anayepunguza watu kwa kukosa kazi atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Juu ya ardhi kifungu hicho hakina neno. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imekwenda mbele zaidi: mwenye leseni lazima awe na mpango wa kuitengeneza ardhi baada ya kuchimba, na aweke dhamana. Basi kama yawezekana kwa migodi, tunauliza kwa nini isiwezekane kwa kiwanda cha ngozi, cha sukari, cha betri, cha nguo. Na kwa nini tungoje Bunge? Mapatano kati ya chama na tajiri huandikwa na sisi na yeye. Hakuna sheria inayotukataza kuweka ndani yake kwamba siku ya kufunga, chama kitaonyeshwa hali ya udongo na maji; kwamba nyumba za kampuni zitauzwa kwanza kwa wanaokaa ndani yake; kwamba kazi ya kusafisha na kupanda itapewa kwanza wale waliopoteza kazi; na kwamba njia zilizo ndani ya ua zitafunguliwa kwa umma.

Watu wa Ruhr walianza kuuliza baada ya shimo kufungwa, wakachelewa miaka ishirini. Sisi tunaweza kuuliza wakati king'ora kingali kinalia.

Halmashauri za matawi zinaombwa zilete, kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya kuanza, maelezo mafupi ya kila mahali pa kazi: ardhi ni ya nani na mkataba wake unaisha mwaka gani, maji machafu yanatoka wapi na kuingia wapi, takataka zimezikwa upande gani wa ua. Wazee waliostaafu waulizwe kwanza, maana wao ndio waliochimba mashimo hayo. Mwenye picha za zamani za kiwanda, kadi ya kazi, au orodha ya wenzetu waliokufa kazini, asizitupe. Azilete kwa katibu wa tawi, atapewa hati ya kuzipokea, na zitanakiliwa na kurudishwa kwake.